Kombe Niliowaomba Radhi

Siku niliyonasa kwenye tope la Mbegani, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Harusini nilipendeza zaidi, lakini topeni watu walifurahi zaidi.

Nilikuwa na miezi mitatu ya ndoa. Sisi wanawake tunaookota kombe, wale wadudu wa magamba wa topeni, tulikuwa tumekubaliana kuifunga sehemu ya pwani, upande wa mikoko, mpaka kombe wakue na kuzaa. Na aliyepaza sauti mkutanoni, "Atakayeingia tumuaibishe!" ni mimi. Ulimi, mwanangu, hauna mfupa.

Basi mama mkwe akaja ghafla kutoka Chalinze. Mume wangu alikuwa amemsifia mno mchuzi wangu wa kombe. Nikaenda pwani, nikazunguka kule tulikoruhusiwa, nikapata kombe saba. Saba! Na mama mkwe yule, Mungu amrehemu, alikuwa na mwili wake. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaingia kulikofungwa.

Niliokota wachanga, wadogo kama vifungo vya shati. Ndoo ilipojaa nikageuka kuondoka, mguu ukakataa. Kila nikijivuta ndivyo ninavyozama, mpaka magotini, mpaka mapajani. Na maji nayo yakaanza kujaa. Hamu ya mchuzi iliniisha palepale. Nikapiga mayowe.

Wa kwanza kutokea alikuwa Bi Zuhura, mwenyekiti wetu, bibi wa maneno machache yenye pilipili. Nyuma yake wanawake wa mtaa mzima. Nyuma yao, mama mkwe.

"Shikamooni," nikasema. Ningesema nini?

"Marahaba." Bi Zuhura akaketi juu ya mzizi wa mkoko kama aliyealikwa chai. "Umepotea njia, mwanangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Na ndoo nayo imepotea?"

"Bibi, maji yanajaa!"

"Nayaona. Basi warudishe upesi, mmoja mmoja. Na kila mmoja umwombe radhi."

Nikawaomba radhi, mwanangu. Kombe hajibu, lakini wanawake walicheka hadi wengine wakakaa chini. Maji yalipogusa kiuno ndipo walipofunga khanga zao pamoja wakanivuta. Aliyevuta kwa nguvu kuliko wote ni mama mkwe. Njiani akaninong'oneza, "Mimi hata kombe sili. Nikiwaona tu mwili unanisisimka. Nilikuja kukuona wewe."

Miezi ikapita, tukapafungua. Kombe walikuwa wa kujaza kiganja, kila nyumba ikapika na kugawa. Hapo nikaelewa kuwa nilitaka kuila kesho ya watu wote kwa chakula kimoja cha mchana.

Ndiyo maana nakuusia: kombe mchanga mwache azae kwanza. Mlipokubaliana kupafunga, paheshimu hata kama anayekutazama ni kaa peke yake. Na mgeni akikujia huna kitoweo, mpikie mchicha, umwambie ukweli. Mchicha haujawahi kumzamisha mtu. Mungu akujaalie mkono unaojua kuokota na unaojua kuacha, na pwani hii iwashibishe wanao na wajukuu zao. Amina.