Walipotaka Niseme Nilichokiona Kingi

Nilikwenda kijijini Kingi kuandika jinsi wakulima na wafugaji wanavyomaliza ugomvi wao. Mwalimu wangu wa iniversite ya Goma alinifundisha kukaa pembeni, kutazama na kusikiliza. Mama aliyenipokea, mjane mwenye shamba la maharage, alinifundisha jambo jingine siku ile ile niliyofika.

"Batu bakikuuliza, sema weye iko mwanafunzi wa Goma. Inatosha."

Alijua kwamba baba yangu anafuga ng'ombe huko juu milimani. Majirani zake hawakujua.

Asubuhi moja nilikuwa nimeketi ukingoni mwa shamba lake. Shemeji yake alikuja amebeba miti ya kujengea. Mzigo ulikuwa mpana, hivyo akafungua kamba za uzio, akatoa fito, akapita na kwenda zake. Nilidhani atarudi kuzifunga. Muda si mrefu ng'ombe wakawa ndani ya maharage.

Mama alipiga kelele. Wanaume wakaja mbio na majembe, wengine na panga, wakamzunguka mchungaji wa ng'ombe hao, mzee mwembamba aliyevaa buti za mpira.

"Hapa palikuwa wazi," alirudia kusema.

Katika kijiji cha jirani ugomvi kama huo uliwahi kuishia kwenye kuchoma nyumba, na pale hakuna aliyekuwa amesahau. Chefu wa kijiji alipofika aliuliza ni nani aliyeona. Mama akaninyooshea kidole.

"Huyu alikuwa hapa tangu asubuhi."

Alitegemea nitamtetea, maana nilikula na kulala kwake. Mchungaji naye alinitazama usoni, akanisalimu kwa Kinyarwanda, kwa sauti ndogo. Moyo wangu ulimwendea kabla sijafikiri. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Je, niliona fito zikitolewa, au nilitamani iwe hivyo kwa sababu mzee yule alisimama kama baba yangu? Nikapitia yote tena kichwani: mzigo, kamba, mgongo wa shemeji ukiondoka. Shemeji mwenyewe alikuwa miongoni mwa wenye panga, akitazama chini.

"Dada, sema ile uliona," chefu aliniambia.

"Papa chefu, kwanza mujue miye ni nani. Baba yangu anachunga ng'ombe. Mama huyu ananilisha. Nitasema, kisha muende muangalie benyewe."

Nikasema.

"Kumbe iko mutu wao," sauti ya mwanaume ikatoka nyuma. "Anatetea batu ba babake."

Watu wakanisogelea. Kisha mama akapita katikati yao.

"Miye nilijua baba yake tangu alifika," alisema. "Twende tuangalie."

Fito zilikuwa zimepangwa upande wa ndani. Kamba zilikuwa zimefunguliwa, hazikukatika. Shemeji alikohoa, akasema alikuwa na haraka. Taratibu panga zikashuka. Chefu akaamua kwamba shemeji atajenga uzio upya, na mchungaji, kwa kuwa alikuwa mbali na ng'ombe wake, atamletea mama maziwa mpaka mavuno mengine.

Siku ile mama alinipakulia chakula, akaenda kula peke yake jikoni. Majirani waliozoea kunieleza kila kitu wakaanza kunijibu kwa ndiyo na hapana. Wafugaji, kinyume chake, walinieleza mengi mno, kama ndugu yao, na maelezo hayo ndiyo niliyoyatilia shaka zaidi.

Niliporudi Goma niliandika, "Mtafiti alishuhudia ugomvi." Mwalimu alipenda. Mimi kila nilipousoma mstari ule niliona uongo, kwa kuwa hapakuwa na mtafiti pale shambani, palikuwa na mimi. Nikaufuta. Nikaandika niliona, niliogopa, nilisalimiwa kwa lugha ya nyumbani.

"Sasa hii imekuwa habari yako," mwalimu alilalamika.

"Ilikuwa yangu pia tangu asubuhi ile."

Tulibishana wiki nzima, na mwishowe akaniachia.

Baadaye nilirudi Kingi kumsomea mama kurasa zile. Alisikiliza huku akipukuchua maharage, bila kuinua macho, hadi nilipomaliza.

"Umeandika nilikuwa na asira kidogo," alisema. "Haikuwa kidogo. Na nilikasirikia weye kupita mwenye ng'ombe. Andika ile."

Nikatoa kalamu, nikaandika, yeye akisubiri nimsomee tena.