Pikipiki Isiyonguruma

Saa moja na robo asubuhi, karakana ya kitivo cha uhandisi imeshafunguliwa. Mhadhiri amechuchumaa sakafuni, miwani kichwani, akiitafuta miwani.

"Iko kichwani, Mama Chaji," anasema fundi wake bila kugeuka. Inaonekana ndiyo salamu yao ya kila siku.

Mbele ya mhadhiri kuna pikipiki kuukuu iliyong'olewa injini. Mahali pa injini pamekaa betri kubwa kama begi la shule, inayochajiwa na paneli za jua zilizo juu ya paa. Ikijaa, inakwenda kilomita sabini na tano.

Mwanamke huyu amefundisha umeme wa jua kwa miaka kumi na tisa, na sita ya mwisho ameitumia kung'oa injini za mafuta. Wenzake walimcheka waziwazi. Profesa mzima, walisema, amegeuka fundi wa gereji.

Leo ana wasiwasi, wala hafichi. Kaka yake anakuja.

Kaka huyo ni dereva wa pikipiki za abiria, na ndiye aliyemsomesha chuo kwa kubeba watu mvua na jua. Basi pikipiki ya kwanza ilipokamilika, miaka minne iliyopita, ilikuwa lazima aijaribu yeye. Akapanda, akawasha, akasubiri mngurumo. Kimya, kumbe imeshawaka. Akafanya kile wanachofanya madereva wote injini ikisita: akazungusha mkono wa kulia hadi mwisho. Pikipiki ikaruka ikambamiza ukutani. Mguu ulivunjika sehemu mbili, na hakuigusa tena.

"Nilikuwa nimepima kila kitu," anasema mhadhiri. "Joto la betri, volti, breki. Sikupima mazoea ya kaka yangu. Kosa lilikuwa langu, na linaniuma mpaka leo."

Tangu hapo hakuna mwanafunzi anayefaulu somo lake kabla ya kukaa wiki mbili kijiweni na madereva, akiangalia mikono yao tu. Wengine hunung'unika. Yeye hasikii la mtu. Huko kijiweni ndiko lilikotoka wazo jipya: pikipiki haisogei mpaka dereva abane breki zote mbili na taa ya kijani iwake.

Saa nne kasorobo kaka anafika, akichechemea. Anaizunguka pikipiki mara mbili.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo, kaka. Lakini usijilazimishe."

"Nani kakwambia najilazimisha?"

Anapanda. Anawasha. Kimya kilekile. Na mkono wake wa kulia, wenye mazoea ya miaka thelathini, unazunguka wenyewe hadi mwisho. Mhadhiri anafumba macho.

Pikipiki imetulia tuli. Kaka anautazama mkono wake, kisha anacheka mpaka anafuta machozi.

"Mkono haujajifunza kitu," anasema. "Ila hii sasa ina adabu, mdogo wangu."

Anabana breki zote mbili, taa inawaka, anaondoka taratibu kuuzunguka uwanja. Mhadhiri analia. Mwandishi wa habari hizi anajifanya ana mengi ya kuandika.

Kufikia mwisho wa mwaka, mhadhiri anakusudia kukabidhi pikipiki ishirini kwa madereva wa kijiwe kilekile. Orodha imebandikwa ukutani, majina kumi na tisa. Mstari wa kwanza hauna kitu.

Kaka anarudi, anashuka, anaisoma orodha polepole hadi chini. Halafu anamnyooshea fundi mkono wake wa kulia.

"Lete kalamu."