Boti Inayojijaza Maji

Nimeshawahi kuogopa mbwa, mwalimu wa hisabati, na bibi yake rafiki yangu mmoja anayegombana na paka kama vile paka atajibu. Hofu hizo ni ndogo, zinakuja na kuondoka. Ile inayohamia tumboni na vyombo vyake ikakaa, nilikutana nayo jioni ile baba yangu aliponiamini.

Si jambo la kawaida kwetu. Hapa Mpendae mimi ni mtu wa kuchekesha watu. Nikisema nje kuna mvua, mama anatoa mkono dirishani kwanza. Nikisema naumwa, naambiwa nikaumwe huko huko skuli. Niliwahi kumwambia baba kwamba mbuzi wa jirani amepata pasipoti, akanitazama kwa muda mrefu sana kisha akahama kiti. Nshazoea. Tena kuna raha yake, kwa sababu mtu asiyeaminiwa haulizwi kitu.

Jioni hiyo baba alitoka msikitini, akakaa ukumbini, akaniita. Nikaitika naam, nikaenda huku napekua kichwani makosa ya wiki nzima nijue lipi limemfikia. Akanipa simu yake. Kwenye kioo palikuwa na picha ya boti nyeupe yenye michirizi ya samawati, na chini yake maelezo marefu ya Kiingereza.

"Nisomee," akasema. "Kisha uniambie kama yafaa kununuliwa."

Nikamtazama nione kama anacheka. Hakuwa anacheka.

Ni lazima nieleze kwa nini hilo lilinitia baridi. Baba alikuwa mchukuzi kwenye bandari ya hapa mjini, Malindi, tangu kabla sijazaliwa. Mwaka jana walimpumzisha, wakampa kiinua mgongo, nami nikasema kimekuja wakati mgongo wenyewe umeshakataa kuinuka. Mama alicheka. Baba alisema pesa hizo hazina nyingine nyuma yake: ndiyo skuli yangu, ndiyo chumba cha nyuma kisicho na paa, ndiyo uzee wao wawili. Sasa mzungu mmoja aliyekuwa akiishi upande wa Maruhubi alikuwa anarudi kwao na anauza boti yake kwa bei ya chee. Baba aliijua boti hiyo. Yeye na wenzake ndio walioishusha ilipofika, na tangu siku hiyo akawa anaisema kama watu wengine wanavyosema nyumba waliyoiona Makka.

Boti yenyewe ni ya mchezo. Inakwenda polepole huku matako yamezama, na nyuma yake inaacha wimbi moja nene lisilokatika. Mtu anasimama juu ya ubao, anaachia kamba, anateleza juu ya wimbi hilo hata kama bahari nzima imetulia kama uji uliopoa. Mpango wa baba ulikuwa kuikodisha kwa mahoteli ya kaskazini. Mpango wangu ulikuwa kusimama juu ya ubao huo wenzangu wakinipiga picha. Nilikuwa nshawaambia darasani kwamba likizo ijayo watanikuta baharini, na hata wao, ambao hawaniamini, waliniomba nafasi.

Kwa hiyo nikasoma. Sikusema uongo, na hilo ndilo linaloniuma. Nilisoma kweli tupu, ila zile tamu tamu. Niliruka pale palipoandikwa kwamba injini ni ya zamani. Niliruka onyo kwamba watu wasijazane mbele. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba ina pampu tatu za kujazia maji kwenye mifuko iliyo chini ya viti vya nyuma, ili izame na itengeneze wimbi. Hapo nikasema, "Ina pampu tatu."

"Tatu?" Baba akainua nyusi. "Mashua zote nilizopakia, ukikuta pampu moja ya kutoa maji mshukuru Mungu. Chombo salama hicho."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kisha nikauona ule ubao na wenzangu na picha, nikaufunga.

"Yafaa?" akauliza tena.

"Yafaa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Nnakuuliza weye kwa sababu weye ndie uliyesoma."

Usiku huo sikulala vizuri. Nilijaribu kujichekesha, nikashindwa, na mimi sijawahi kushindwa kujichekesha. Kila nikifumba macho naziona zile pampu, na baba ameketi na mgongo wake unaouma, anazitazama kwa mapenzi.

Siku ya kwenda kuijaribu tuliteremka ufukweni asubuhi, maji yamejaa. Mzungu alikuwa mrefu, shingo yake nyekundu kama kamba wa kuchemsha. Alimwamkia baba "shikamoo" vizuri sana, na baba akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu ambaye tayari ni mwenye boti. Alikuwa amevaa kofia yake ya Ijumaa. Viti vilikuwa vimepasuka na ndani ya mipasuko mna ukungu mweusi. Baba alivipapasa akasema ni kazi ya fundi ya siku moja. Akagonga ubavu wa boti kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaridhika.

Kitu kimoja nilikuwa najua na mzungu hajui: baba hajui kuogelea. Maisha yake yote amefanya kazi hatua moja kutoka majini na hajui kuogelea hata kidogo.

Tukatoka. Mzungu kwenye usukani, amefungua muziki mkubwa kwenye spika zilizofungwa juu ya fremu ya chuma iliyosimama katikati ya boti. Mimi na baba nyuma. Mji Mkongwe ukawa mdogo nyuma yetu. Tulipofika mahali penye kina mzungu akapunguza mwendo, akanigeukia akakonyeza jicho, akabonyeza vitufe vitatu.

Chini ya matako yetu kikaanza kitu kunguruma. Kisha ikaja sauti ya maji yanayoingia kwenye chombo.

Sijui kama umewahi kumwona mtu anayeijua sauti fulani kuliko jina lake. Baba aliganda. Akainama, akainua kiti, akaona ule mfuko mweusi unavimba. Akachungulia ubavuni. Tezi, upande wa nyuma wa boti, ilikuwa inashuka kidogo kidogo, na maji ya bahari yanapanda kuja kwetu.

"Maji yanaingia," akasema kwa sauti ya chini.

"Baba, ni ya makusudi."

Akanitazama kama siku ile ya pasipoti ya mbuzi. "Si wakati wake huu," akasema.

Nikamwambia tena, mara mbili, mara tatu, na kila niliposema ndivyo nilivyozidi kusikika kama mimi. Nani anayejaza chombo chake maji kwa makusudi? Huku kwetu kazi yote ya baharini ni kuyafua maji na kuyarudisha yalikotoka. Hata mimi, kama ningeambiwa na mtu wa aina yangu, nisingeamini.

Akachomoa jaketi moja la kuokolea, akanivalisha, akakaza kamba mpaka nikasikia mbavu zikisalimiana. La pili lilikuwa limekwama chini ya kiti. Akalivuta mara moja tu, akaliacha. Halafu akafanya lile ambalo mchukuzi yeyote wa Malindi angelifanya. Shehena ikielemea nyuma, unaihamishia mbele. Hiyo ndiyo elimu yake, na haijawahi kumwangusha. Akaburuta sanduku la barafu mpaka omoni, kule mbele. Akaburuta nanga na mnyororo wake. Akanishika mkono akanikalisha mbele kabisa, na yeye akaja akakaa ubavuni mwangu na tumbo lake lote, anasoma shahada kwa midomo bila sauti.

Mzungu alituona tumehamia mbele akatuinulia dole gumba. Alidhani tunapunga upepo. Akaongeza mwendo kidogo, na wimbi nene likajengeka nyuma yetu.

Mimi nilikuwa nimelisoma lile onyo. Ni mimi peke yangu katika boti ile niliyejua kwamba lipo na kwamba halikutafsiriwa.

Mzungu akageuza boti kurudi, akapunguza mwendo, na lile wimbi letu wenyewe, nene, zuri, lisilokatika, likatukuta uso kwa uso. Omo ilikuwa chini kwa uzito wetu. Haikupanda juu ya wimbi, iliingia ndani yake. Maji yakaja juu ya ukingo kama mtu amepindua pipa, yakatufika magotini, yakalibeba sanduku la barafu yakatuachia mfuniko, yakaibeba kofia ya baba.

Hayo hayakuwa ya makusudi.

Muziki ukazimika wenyewe. Mzungu alikuwa anapiga kelele kwa Kiingereza turudi nyuma, na uso wake haukuwa mwekundu tena. Baba hakuelewa hata neno. Alikuwa ameshika ukingo kwa mkono mmoja na jaketi langu kwa mkono wa pili, amejikaza mahali ambapo elimu yake yote inamwambia ndipo pa usalama. Wimbi la pili lilikuwa linakuja, dogo kuliko la kwanza, lakini safari hii na sisi tulikuwa chini zaidi.

"Baba, turudi nyuma. Mbele ndiko kunakotuzamisha."

Hakutikisika.

Kuna neno moja silitumii katika mzaha. Si kwa uchamungu, nisijisifu. Nilipokuwa mdogo niliapa kwa uongo juu ya sambusa, mama akanikalisha chini akaniambia jambo ambalo mpaka leo sijalisahau, na tangu hapo neno hilo nimelikwepa. Nyumba nzima inajua.

"Wallahi, baba," nikasema.

Akanigeukia. Nadhani alinitazama kwa muda mfupi sana, ila mimi niliuona mrefu. Kisha akanikamata ukosi tukatambaa nyuma, yeye, mimi na mnyororo wa nanga, na omo ikainuka, na wimbi likapita chini yetu likitutikisa tu.

Mzungu akabonyeza pampu ya kutoa maji. Ilikohoa ikanyamaza. Tukayafua kwa mfuniko wa sanduku na kiatu cha baba mpaka ufukweni. Nusu ya maji niliyoyateka niliyarudisha ndani kwa pupa.

Baba alikaa mchangani, kiatu kimoja mguuni, kichwa wazi. Sijawahi kumwona kichwa wazi nje ya nyumba. Alikuwa na kipara kidogo cha duara ambacho siku nyingine ningekifanyia kazi wiki nzima.

"Zile pampu tatu," akasema.

"Naam."

"Za kutia."

"Za kutia, baba. Ya kutoa ni moja, ile mbovu."

"Ulijua?"

Ningeweza kusema Kiingereza kilikuwa kigumu. Angekubali. "Nilijua," nikasema.

Hakunipiga. Nilisubiri anipige, na aliposimama bila kunipiga niliogopa zaidi kuliko kule baharini. Alivaa kiatu chake chenye maji akaanza kutembea, nami nikamfuata nyuma, kila hatua yake inatoa sauti ya chura.

Siku mbili hakuzungumza nami ila kunituma. Siku ya tatu simu ikalia tukiwa tunakula. Baba akatazama jina, akanisukumia simu juu ya mkeka.

Mzungu alisema anaomba radhi. Alisema atatuachia kwa nusu ya bei, na pampu ataitengeneza yeye. Akasema tusijali, kila mtu anaizoea. Mama aliacha kutafuna. Baba alinitazama, na mimi nilijua kwamba katika chumba kile neno lolote nitakalolisema ndilo atakalokuwa amelisema mzungu. Nusu ya bei. Chumba cha nyuma kingepata paa na pesa zingebaki. Ubao ule bado nilikuwa nauona.

"Anasema nini?"

Nikamwambia. Lote, pamoja na kuzoea, pamoja na pampu ambayo bado haijatengenezwa. Nikamwambia na injini ya zamani. Nikamwambia na lile onyo, nikalirudia tangu mwanzo.

"Na weye wasemaje?"

"Usinunue, baba."

"Kwa lile neno lako?"

"Wallahi," nikasema.

Akachukua simu mwenyewe, akamwambia mzungu kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayemrudishia jirani sahani yake, kwamba ahsante, lakini hapana. Sikutafsiri. Mzungu alielewa.

Mama akaanza kukusanya vyombo. Akauliza kama nje kuna mvua, ana nguo kambani. Nikasema ipo. Akaelekea dirishani kama kawaida yake, mkono tayari ameshaunyoosha.

"Ipo," baba akamwambia. "Si kasema."

Mama akaurudisha mkono, akatoka kwenda kuanua nguo. Nami nikabaki nimekaa mkekani, nasikiliza kwa makini kama mvua yenyewe ipo kweli.