Kupe wa Masika

Leo, hapa ghorofani Michenzani, mafuta ya taa yamenimwagikia mkononi nikijaza jiko. Nimeosha mara tatu na harufu haijatoka.

Huko shamba, kazi yangu ya utotoni ilikuwa kumtoa kupe ndama wa bibi, wale majike walioshiba damu wakawa wakubwa kama kunde.

"Kaskazi watupe tu juu ya mawe, jua litawakausha," bibi alinifunza. "Lakini masika watie wote koponi, kwenye mafuta ya taa. Wakipata unyevu hutaga."

Masika yale nilichoshwa na harufu ya kopo, nikawa nawatupa migombani, penye kivuli na majani mabichi.

"Ushawatia?" bibi akiuliza.

"Naam, bibi."

Mvua zilipopungua, ndama alikwenda kula pale pale. Vitoto vya kupe vilikuwa vimetanda kwenye ncha za majani kama vumbi. Homa ilimuua kwa siku chache. Mama yake akakataa kukamuliwa, akawa analia mlangoni mwa banda.

Bibi alimfunika ndama kwa gunia.

"Masika ya mwaka huu yamezidi," alisema. "Si kosa la mtu."

"Naam, bibi," nikaitikia.