Kinyozi na Mkono wa Marehemu

"Wa pili? Mnamweka wa pili kwa lipi?" kaka yangu kinyozi aliwafokea wateja wake, waliokuwa wakipanga orodha ya wapiganaji bora wa zamani na kumtaja marehemu mmoja. "Enzi zile ngumi na mieleka ndiyo kwanza vinachanganywa, yule alikuwa anapiga walevi tu!"

"Kwani na wewe ulikuwa mlevi, mjomba?" mmoja akamchokoza. Saluni nzima ikacheka.

Maana kaka naye aliwahi kupigana ulingoni, akapigwa na huyohuyo. Alikabwa shingo mpaka akazimia, na tangu hapo anajisifu kwamba hakugonga mkono kukubali kushindwa. Mwenzake kashafariki, yeye bado anamshusha.

"Hata wa kumi hafai," akasema, na sauti ikakatika.

Mimi nilikuwa nafagia nywele. Kwenye kioo niliona shingo yake imebonyea kama iliyobanwa na mkono, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Mashine ya kunyolea ikamponyoka. Macho yakamtoka.

"Gonga, we mbishi!" nikapiga kelele. "Utakufa na kiburi chako!"

Akainua kiganja, akagonga hewani mara mbili. Sote tukasikia mlio wa kiganja kikipiga nyama.

Shingo ikaachiwa. Kaka akavuta pumzi, akasema kwa adabu, "Nimekubali, bwana. Kugonga nilikokunyima siku ile, deni lako hilo nimelilipa."