Denise na Ramani ya Tilos

Goti la Pauline Sugden lilimsaliti siku ya Jumanne asubuhi, kwenye ngazi za maktaba, akiwa amebeba vitabu viwili vyembamba tu. Kufikia alasiri daktari alikuwa amelifunga, amempa magongo mawili, na kumkataza milima kwa wiki nane. Zilikuwa zimebaki siku tisa wapande ndege kwenda Rodi, na kutoka Rodi wachukue boti hadi Tilos, kisiwa kidogo cha Wagiriki ambacho Denise Ogden hakuwahi kukiona ila kwenye karatasi.

"Basi tuahirishe," Denise alisema kwenye simu.

"Tuahirishe nini, na tiketi zenyewe za bei ya kutupa? Hazirudishwi, mwenzangu. Nenda wewe."

"Peke yangu?"

"Kwani siku zote hizi miguu yako nilikuwa nimekubebea mimi?"

Denise alicheka, kwa kuwa alijua Pauline anangoja kicheko. Alipoikata simu aliketi kwenye kiti cha jikoni na hakuinuka mpaka chai ikawa baridi kikombeni.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amepika chakula cha mchana katika shule ya msingi ya mtaani kwao, huko Todmorden, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusafiri isipokuwa shule zimefungwa, wakati ambapo nauli hupanda mara tatu na vyumba hujaa watoto wanaolia. Mwezi wa Julai alistaafu. Oktoba hii ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwa yake. Yeye na Pauline walikuwa wamepanga kila kitu wenyewe, bila kampuni wala kiongozi: chumba chenye jiko dogo la gesi, mkoba mmoja mmoja wa kubeba mkononi, na buti zivaliwe ndani ya ndege ili zisile uzito wa mkoba.

Isipokuwa kwamba, ukweli usemwe, aliyepanga alikuwa Pauline. Kila Jumapili kwa miaka kumi na minane walikuwa wamepanda vilima vya juu ya mji pamoja na wenzao. Pauline alitangulia na ramani ikining'inia shingoni ndani ya mfuko wa plastiki, na Denise alifuata nyuma kabisa na chupa ya chai. Njia ilipogawanyika, yeye aliangalia mgongo wa Pauline unaelekea wapi. Hakuwahi hata mara moja kuchagua.

Lakini si kupotea hasa kulikomtia baridi tumboni Jumanne ile. Alichoogopa kilikuwa na sura ya mama yake. Edna alikuwa mwanamke wa kawaida hadi alipofika miaka sitini. Kwanza aliacha kupanda basi, akisema linamtia kizunguzungu. Kisha aliacha kwenda sokoni, kisha kanisani, kisha hata kufika kwenye kigeti cha bustani. Hakuna daktari aliyeona ugonjwa. Aliishi hivyo miaka kumi na mmoja, nyuma ya pazia, na siku alipotoka nje alitolewa na wanaume wanne, ndani ya jeneza. Denise alikuwa akimjua mama yake vizuri mno asiweze kujidanganya. Aliitazama mikono yake juu ya meza, akaona vidole vinatetemeka kidogo, kama vya Edna vilivyokuwa vikitetemeka kila kengele ya mlango ilipolia.

"Nisipokwenda safari hii," alijisemea, "sitakwenda kokote tena."

Hivyo Jumatano alikwenda kwa Pauline akaichukua ramani.

Aliitandaza jikoni, akaibana pembe kwa mtungi wa sukari, kopo la maharage na vikombe viwili. Alichonga penseli. Alikuwa amemsikia Pauline akisema kanuni ya watembeaji mara mia: saa moja kwa kila kilomita tano, halafu ongeza dakika kumi kwa kila mita mia unazopanda. Ili kujua unapanda kiasi gani unahesabu kontua, ile mistari ya kahawia, na kila mstari ni mita kumi. Hilo hata yeye alilijua. Alihesabu kwa ncha ya sindano, mstari kwa mstari, miwani ikiteleza puani, na kila siku ya safari akaiandikia karatasi yake. Saa ya kutoka, mahali pa kula mkate na jibini, saa ya kurudi.

Siku ya nne ndiyo iliyomgharimu jioni nzima. Ilikuwa ni kuvuka ukingo wa mlima hadi kwenye ghuba isiyo na barabara wala nyumba, kuogelea, na kurudi kwa njia ileile kuwahi basi la mwisho la saa kumi na moja. Hesabu yake ilimwachia nusu saa ya ziada. Aliisoma mara tatu. Moyo ulimdunda, lakini safari hii katika kudunda kule kulikuwa na kitu kinachofanana na furaha.

Binti yake, Kerry, aliyefanya kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno na kuishi mitaa miwili tu kutoka pale, alipita Alhamisi akazikuta karatasi mezani.

"Mama, hii ni nini?"

"Ratiba yangu."

"Wewe ukienda maegesho ya ghorofa kuchukua gari unanipigia simu kuniuliza utokee mlango gani. Leo unakwenda kupanda milima ya watu peke yako?"

"Si milima. Ni vilima."

"Vilima vyenye majabali. Nimeangalia picha. Kuna mbuzi amesimama mahali ambapo hata huyo mbuzi mwenyewe anaonekana kujuta."

Denise alizikusanya karatasi zake. Alikuwa ameziona picha hizohizo.

Ijumaa Pauline aliletwa na teksi ili akague. Aliingia akigonga magongo sakafuni, akalinyoosha goti lake juu ya kiti cha pili, akaomba biskuti kabla ya kuomba karatasi. Siku ya kwanza aliipitisha. Ya pili aliipitisha, akinung'unika tu kwamba mkate ni mwingi. Alipofika siku ya nne aliiweka biskuti chini. Aliivuta ramani, akaiangalia, akaiangalia tena karatasi.

"Denise, hii mistari umeihesabu mita ngapi ngapi?"

"Kumi kumi. Kama kawaida."

"Kawaida ya wapi?"

"Ya kwetu, Pauline. Kwani kuna kawaida nyingine?"

Pauline alikizungusha kipande cha chini cha ramani kikamwelekea Denise, akaweka ukucha chini ya maandishi madogo kuliko sisimizi. Mstari mmoja, mita ishirini.

Denise aliyasoma mara mbili kabla ya kuelewa. Kila mlima aliokuwa ameupima kwa sindano ulikuwa mrefu maradufu. Ule mteremko wa kwenda kwenye ghuba, ambao alikuwa ameuwaza kama njia ya nyuma ya kanisa, ulikuwa umesimama kama paa la nyumba, na kokoto juu yake. Nusu saa yake ya ziada haikuwapo. Basi lingekuwa limeshaondoka. Alijiona akikaa juu ya ule ukingo, jua linazama baharini, chupa ya maji haina kitu, miguu inakataa kushuka upande huu na upande ule, na hakuna mgongo wa mtu yeyote mbele yake.

"Ningekufa," alisema polepole.

"Usingekufa. Ungechelewa basi, ukalala na mbuzi."

"Kama usingekuja leo, ningekwenda na karatasi hii."

"Ndiyo maana nimekuja. Hata mimi nilifanya kosa hilohilo Krete, mwaka ule na mume wangu, Trevor. Aliacha kusema nami siku mbili. Zilikuwa siku nzuri sana."

Denise hakucheka. Aliikunja ramani vibaya, kinyume na mikunjo yake, akaitia kwenye droo ya vitambaa vya kufutia vyombo na kuifunga.

"Siendi," alisema.

Pauline aliyavuta magongo yake. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini alijua lini aite teksi.

Usiku ule Denise hakulala vizuri, na asubuhi aliona maziwa yamekwisha. Duka lipo dakika nne kutoka mlangoni. Alivaa koti. Alivaa viatu. Alisimama kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba, mkono juu ya kitasa, akasikia gari linapita nje, akasikia jirani anakohoa, na baridi ileile ya tumbo ikapanda hadi kooni. Alisubiri ipite. Haikupita. Alivua koti akampigia simu Kerry, akasema anahisi mafua.

Kerry alifika baada ya nusu saa na maziwa, mkate, na mfuko wa machungwa. Alikuwa mchangamfu kuliko alivyokuwa wiki nzima. Alimpangia mama yake vitu kwenye friji, akamwekea birika jikoni, akambusu utosini.

"Nimefurahi umeliacha jambo lile, Mama. Sasa tulia. Na wala usihangaike na maduka, nitakuwa nakuletea vitu kila Jumamosi. Mimi napita tu hapa, si shida."

Alisema kwa upendo mtupu. Denise alimtazama akifunga mlango wa friji kwa nyonga, vilevile kama yeye mwenyewe alivyokuwa akiufunga wa Edna, Jumamosi baada ya Jumamosi, akijiona binti mwema. Hofu iliyomshika hapo ilikuwa kubwa kuliko ya ule ukingo. Kwenye ukingo mtu angeweza kuteleza, lakini hapa jikoni hakuna atakayeteleza. Angeletewa tu maziwa.

"Asante, mwanangu," alisema.

Kerry alipoondoka, Denise alilivaa tena lile koti. Mkono ulikaa juu ya kitasa muda mrefu. Hakungoja baridi ipite, kwa kuwa alikuwa ameona haipiti. Aliufungua mlango akiwa nayo. Alitembea hadi dukani akishika ukuta wa mawe wa majirani kwa vidole, kama mtu anayepita kwenye boti, akanunua maziwa ambayo hakuyahitaji, akarudi. Mgongo ulikuwa umelowa jasho. Chupa mbili za maziwa zilisimama mezani. Kisha aliitoa ramani kwenye droo.

Alifuta kila kitu. Alihesabu upya, ishirini ishirini, na kila hesabu ilipotoka alikwenda kusimama dirishani hadi pumzi itulie. Siku ya nne aliikata. Ghuba ile ingebaki bila yeye. Siku ya sita aliifupisha hadi kwenye mahame ya kijiji cha zamani, mahali panapofikika kwa njia ya punda, pana na iliyojengwa kwa mawe. Na kwenye kila karatasi aliweka alama ya msalaba na saa. Jumapili, aliposomewa karatasi hizo kwenye simu, Pauline aliuliza misalaba ni ya nini.

"Ni mahali pa kugeuka. Ikifika saa hiyo sijafika hapo, nageuka. Hata kama naona bahari."

"Nani amekufundisha hilo?"

"Hakuna. Nimeogopa tu."

"Sisi tuliotangulia mbele miaka yote," Pauline alisema, "hatukuwahi kuandika saa ya kugeuka. Tulikuwa tunabishana tu mpaka giza liingie."

Ilibaki nakala ya nyumbani. Watembeaji wa Todmorden hawaondoki bila kuacha karatasi kwa mtu: nitapita wapi, nitarudi saa ngapi, na nisiposikika baada ya saa hiyo umpigie nani. Jumatano mchana, siku moja kabla ya safari, Denise alizitia nakala tisa kwenye bahasha na kwenda nazo hadi kwa daktari wa meno, wakati Kerry yuko kwenye mapumziko ya chakula. Alipanda basi kwenda huko, akikaa nyuma ya dereva na kukodolea macho shingo yake njia nzima.

Kerry aliiangalia bahasha, asiipokee.

"Nikiishika hiyo, ina maana nimekubali."

"Usipoishika nitakwenda hivyohivyo, na hakuna atakayejua niko wapi."

"Huku ni kunitia kabari, Mama."

"Najua."

"Unaogopa. Nakuona. Angalia mikono yako."

"Naogopa tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Naogopa hapa nilipokaa, Kerry. Kama ni kuogopa, bora niogopee kwenye njia."

Kerry alizungusha uma ndani ya saladi yake. Uso wake ulikuwa mwekundu, na kwa muda Denise alidhani atainuka aondoke. Badala yake aliifuta mikono kwa kitambaa cha karatasi, akaichukua bahasha, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza kama anavyosoma fomu za wagonjwa, kidole kikifuata mistari. Alisoma wa pili. Akakunja uso.

"Hapa umeandika, nisiposikika hadi saa kumi na mbili jioni, piga simu. Saa kumi na mbili ya kwao au ya kwetu?"

Denise alifungua mdomo. Wagiriki wako mbele kwa saa mbili, na kwa siku nane za penseli na sindano hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. Angelala chini na mguu uliovunjika, giza limeshakuwa la kukata kwa kisu, na Kerry angali anaangalia saa ya ukutani akisema bado mapema.

"Sijui," alisema. "Ya kwao. Lazima iwe ya kwao."

"Basi huku itakuwa saa kumi. Saa kumi nipo kazini, simu iko kwenye kabati."

Kerry aligonga karatasi kwa kidole.

"Nitamwambia daktari nikae nayo," Kerry alisema. "Siku tisa hawezi kunikatalia. Lete kalamu."

Denise alitafuta kalamu mkobani, akaangusha funguo, akaipata. Walisogeza sahani ya saladi pembeni. Karatasi moja moja, Kerry alizishikilia zisiteleze, na mama yake akaandika juu ya kila saa, kwa herufi kubwa: ya kwao.