Ndevu za Wajomba

Fundi viatu, mbishi wa kuzaliwa, aling'olewa jino, damu ikagoma kukatika. Akapelekwa hospitali na taulo mdomoni.

"Kwenu kuna mwingine ambaye damu yake haigandi?" daktari akauliza.

"Hakuna! Wajomba zangu wote ni wazima, tena wana ndevu hadi kifuani. Kwetu kunyoa ni mwiko."

Mama yake, aliyemsindikiza, akaangua kicheko. "Mwiko gani, mwanangu? Marehemu baba yangu alijinyoa asubuhi ya harusi, akafunga ndoa na shuka shingoni, damu ikichuruzika! Tangu hapo wanaume wa kwetu wanaogopa wembe."

Vipimo vikathibitisha: ugonjwa wa kurithi. Akaanzishiwa sindano za kugandisha damu, na kwa furaha akazinyoa ndevu zake zote.

Mkewe akakikodolea macho kile kidevu, kidogo kama punje ya kunde.

"Kumbe ukoo wenu ulikuwa unaficha maradhi mawili!"